Mkuu wa Chuo Hakumpiga Mtu

Mkuu wa Chuo hakuwahi kumpiga mwanafunzi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu waliomsikia kwa mbali tu hudhani alikuwa mtu wa fimbo. Siku hizo fimbo ilikuwa jambo la kawaida, na hata chuo cha wachungaji kingeweza kuwa nayo pasipo mtu kushangaa. Yeye hakuwa nayo. Alikuwa na kalamu ya wino mwekundu, sauti ya chini, na subira ya kumngoja mtu mpaka aaibike mwenyewe.

Chuo chetu kilikuwa juu ya kilima, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kasulu mjini, kando ya barabara ya Kibondo. Tulikuwa na madarasa matatu, bweni, kanisa la matofali ya kuchoma, shamba la mahindi na maharage, na kibao kilichosema kwamba sisi ni Wapresbiteri. Kanisa letu lilikuwa dogo, na watu wengi wa Kasulu walituhesabu kuwa Waanglikana waliokosana na wenzao. Mkuu alikuwa Mwafrika wa kwanza kukiongoza chuo kile baada ya wamishenari. Alikuwa amesoma Uskochi miaka saba, akarudi na udaktari wa teolojia, makoti mawili mazito, na desturi ya kunywa uji kwa chumvi. Sukari, alisema, huwafanya watu waamini kwamba Mungu ni mpole.

Nilikuwa mwanafunzi wake miaka mitatu, kisha karani wake miaka mingine mitatu. Nilimjua kuliko alivyomjua mkewe, na mkewe ndiye aliyeniambia hivyo.

Siku yangu ya kwanza darasani aliniamuru nifungue kwa sala. Mimi ni Mha wa vijijini. Kiswahili nilikijulia shuleni, na ulimi wangu ulikuwa bado haujaachana na Kiha. Nikafumba macho nikaanza, "Tunakushukuru Mungu uriyeturinda tukiwa tumerara..."

"Bwana," akanikatiza. "Mungu amekulinda au amekurinda?"

"Amenirinda, Mkuu."

Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akaniangalia kwa utulivu, akasema, "Basi kaa chini mpaka akulinde." Nilikaa. Kwa wiki tatu, kila asubuhi, alinisimamisha, nikaanza sala, nikakosea, nikaketi. Wiki ya nne nikaimaliza bila kosa. Akasema, "Amina," kisha akaendelea na somo kana kwamba hakuna kilichotokea. Mpaka leo nikisali peke yangu bado nayasikiliza maneno kabla hayajatoka.

Wakati ule nchi nzima watu waliitana ndugu. Katibu kata alikuwa ndugu, bwana shamba alikuwa ndugu, hata karani wa posta. Mkuu alituita "Bwana", na jinsi alivyolitamka, ilikuwa afadhali kuitwa mbwa. Mwenzetu mmoja alipothubutu kumwita Ndugu Mkuu, alijibiwa, "Undugu ni wa damu au wa Kristo. Kwa damu sikujui, na kwa Kristo bado sijaona ushahidi."

Lakini mtu huyo huyo aliyetudhalilisha kwa ajili ya herufi moja, nilimwona akidhalilishwa kwa ajili ya neno moja, akashukuru. Alikuja afisa elimu aliyehamia mjini kutoka Tanga, Mwislamu, mtu wa maneno laini, kukagua masomo ya kisomo cha watu wazima tuliyokuwa tukiyafundisha vijijini. Mkuu akamkaribisha kwa hotuba. Yule afisa akatabasamu, akamwambia mbele yetu kwamba neno fulani alilolitumia mara tatu halimaanishi alichokusudia. Kwao hulitumia kwa mbuzi jike tu. Tukakodoa macho. Tulidhani mbingu zitaanguka. Mkuu akatoa kalamu, akaliandika lile neno kiganjani, akauliza, "Bwana Afisa, una nafasi Jumatano?" Kwa mwaka mzima, kila Jumatano alasiri, alishuka kwa baiskeli mpaka mjini akaketi mbele ya yule afisa na daftari, kama mtoto wa darasa la pili. Kwake kosa halikuwa na huruma, hata lilipokuwa lake.

Ndani ya uzio wa chuo Kiha kilipigwa marufuku. Kiswahili, Kiingereza, na Kigiriki kwa walioweza. Alikuwa Mha kama sisi, wa Murungu, upande wa Kibondo, lakini sikuwahi kusikia neno la Kiha kinywani mwake, na kuna siku nilisubiri nilisikie.

Mama yake alikuja. Lori lilimshusha barabarani, akapanda kilima na kikapu cha maharage kichwani. Nilimkuta barazani pa ofisi amesimama mbele ya mwanawe, naye mwanawe amesimama mbele yake, wamewekeana nafasi kama watu wanaopimana kimo.

"Shikamoo, mama," Mkuu akasema. "Habari za nyumbani?"

Bibi akanigeukia. "Yavuze iki?" Amesema nini?

Nikamwangalia Mkuu. Akanipa ishara ya mkono: fasiri. Basi nikawa mkalimani wa mama na mtoto. Alieleza habari za mahindi, za jirani, za paa lililovuja. Nilifasiri kila sentensi, na kila mara niliuona uso wa Mkuu umeshaelewa kabla sijafungua kinywa, ila alisubiri nimalize ndipo ajibu. Mwisho bibi akatua kikapu. Hakumtazama tena mwanawe. Aliniambia mimi, kwa Kiha, polepole, "Mwambie mkubwa wako kwamba baba yake tumemzika mwezi uliopita."

Mkuu alikuwa amesikia. Lakini alisubiri.

"Mkuu," nikasema, "mama anasema baba yako amefariki. Wamemzika mwezi uliopita."

"Mwambie nimesikia," akasema.

Alimsindikiza mwenyewe mpaka barabarani, akasimama naye juani hadi lilipopita lori la kurudi Kibondo. Walikaa pale zaidi ya saa mbili. Niliwaangalia kutoka dirishani. Sikuona midomo yao ikisogea.

Mikono yake, lakini. Lazima niseme habari za mikono yake, maana bila hiyo mtu huyu angekuwa rahisi kumchukia, na haikuwa rahisi.

Mwaka ule wakimbizi walipoanza kuvuka kutoka Burundi, walipita kwetu kwa makundi, wamevimba miguu, wengine na majeraha ya panga. Mkuu alifunga masomo siku ile ile. Aliamuru madawati yatolewe nje, madarasa yakawa mahali pa kulala. Sisi tulichota maji. Yeye alipiga magoti akawaosha vidonda kwa maji ya chumvi, siku tisa mfululizo, mikono ikamchubuka. Makoti yake ya Uskochi aliwapa wanawake wawili waliokuwa wakitetemeka kwa baridi ya asubuhi ya kule juu. Kitanda chake alikitoa, yeye na mkewe wakalala sakafuni. Hakumtuma mwanafunzi kufanya kazi aliyoweza kuifanya mwenyewe.

Jumapili ikafika, akapanda mimbarani. Kanisa lilijaa wale aliowaosha. Wengi walikielewa Kiswahili kwa shida, lakini mmoja wao alifasiri kwa Kirundi. Mkuu akahubiri kwamba hakuna unywele unaoanguka ila Mungu ameuamuru uanguke. Kwamba Mungu alikwisha kuchagua, kabla ya misingi ya dunia, nani aokolewe na nani aachwe, na hakutushauri. "Yaliyowapata," akasema, "hayakumponyoka." Mwanamke mmoja, aliyezika watoto wawili njiani, alisimama. Alikuwa amevaa mojawapo ya yale makoti. Alilivua, akaliweka kwenye benchi, akatoka nje. Mkuu alimfuata kwa macho mpaka mlangoni, kisha akageuza ukurasa.

Katika kundi hilo la wakimbizi ndimo alimokuwa Nestori.

Alikuwa na umri kama wangu, ishirini na miwili au mitatu, mrefu, mwenye kovu jipya shingoni. Kwao alikuwa mwalimu wa sekondari na alikuwa amesoma Kilatini kwa mapadri kabla hajahamia kwa Waprotestanti. Kiswahili chake kilijaa Kifaransa. Alisema "donc", yaani "kwa hiyo", kila baada ya maneno matano, na ajabu ni kwamba Mkuu hakumsahihisha. Baada ya mwezi mmoja alimwingiza darasani kwetu. Alipewa kitanda kilichopakana na changu.

Kigiriki kilichotutesa sisi mwaka mzima, Nestori alikimaliza kwa miezi minne. Mkuu akaanza kumwita ofisini jioni kusoma naye nyaraka za Paulo. Siku moja tukiwa tunapalilia maharage chini ya dirisha la ofisi tulisikia sauti ngeni, tukainuka na majembe yetu kusikiliza. Ilikuwa Mkuu anacheka. Mwenzangu mmoja aliuliza kwa nong'ono kama ni mgonjwa.

Ikajulikana kwamba Waskochi walikuwa tayari kumpokea mwanafunzi mmoja wa darasa letu akasome huko. Hakuna aliyeuliza nani. Nisiseme uongo: mimi niliuliza, moyoni, kila siku.

Kisha likaja somo la kuchaguliwa. Ndilo somo la Mkuu, alilolisomea udaktari. Aliliandika ubaoni kwa Kiswahili chake safi, hoja juu ya hoja, kama mtu anayejenga ukuta wa mawe. Alipomaliza akauliza kama kuna swali, na kwa kawaida halikuwapo. Nestori akainua mkono.

"Mkuu, kama Mungu aliamua yote tangu mwanzo, donc, waliomuua mama yangu walikuwa wanamtii?"

Nilisikia kuku wa jikoni wakiparua udongo. Mkuu alishika chaki bila kuiandikia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitafuta jibu.

"Kaa, Bwana Nestori," akasema.

Lilikuwa neno "Bwana" lile lile alilotupa sisi. Hakuwahi kumwita hivyo kabla. Nestori akakaa.

Baada ya siku mbili Mkuu aliniita. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, mlango wa ofisi wazi. Akanionyesha kiti, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Unalala karibu na Bwana Nestori."

"Ndiyo, Mkuu."

"Mchungaji anayemkana Mungu wake moyoni ni hatari kuliko mpagani. Nataka kujua anasema nini nisipokuwapo." Akasukuma karatasi mezani, nyeupe, iliyokunjwa mara moja. "Andika. Usiongeze, usipunguze. Ukirudisha tupu, nayo nitaipokea."

Sentensi hiyo ya mwisho niliisikia. Nimeisikia kila siku tangu hapo. Lakini siku ile nilijiambia ni namna yake ya kutisha, na kwamba mtu hawezi kurudisha karatasi tupu kwa Mkuu wa Chuo.

Nikaandika. Niliandika kwamba Nestori huomba kwa Kirundi, na wakati mwingine haombi kabisa, hukaa tu. Niliandika kwamba hakushiriki meza ya Bwana mara mbili. Na niliandika alichoniambia tukiwa shambani, mimi na yeye tu, akiwa ameegemea mpini wa jembe: kwamba wale askari walikuja shuleni kwao na orodha ya majina, wakayasoma, na walioitwa wakapandishwa lori, na kwamba akimsikiliza Mkuu akisema Mungu ana orodha ya majina tangu kabla ya dunia, anasikia sauti ya yule askari. Aliniambia huku analia. Hilo sikuliandika. Niliona ni kuongeza.

Nilipompelekea Mkuu ile karatasi aliisoma mbele yangu. Haukusogea msuli usoni pake. Alipofika kwenye orodha alirudia kuisoma. Kisha akaikunja akaiweka ndani ya Biblia yake ya Kigiriki.

"Mwandiko wako umekuwa mzuri," akasema.

Ilibaki wiki tatu tumalize masomo. Jumatatu asubuhi, baada ya ibada, Mkuu alitubakisha kanisani. Hakupanda mimbarani, alisimama chini, mikono nyuma.

"Bwana Nestori hakuitwa," akasema. "Chuo kilikosea kumpokea, na kosa ni langu. Anaondoka leo."

Nestori alisimama. "Mkuu, sikuitwa kwa kitu gani? Kama ni mtihani, nimefaulu."

"Ulifaulu. Shetani naye angefaulu."

"Nimekosa nini?"

"Sikusema umekosa. Nimesema hukuitwa. Kukosa kunasameheka."

Watu wa kwetu walioachishwa vyuo walirudi kwa baba zao wakalima. Nestori hakuwa na baba wala shamba. Barua aliyopewa ilisema hakuitwa katika huduma, na kwa barua kama hiyo hakuna kanisa hata moja, la dhehebu lolote, ambalo lingempokea hata kuwa mwinjilisti wa kijijini. Bila chuo alikuwa mkimbizi tu kama wengine, wa kupelekwa popote serikali itakapomweka.

Nilimsaidia kufunga mzigo. Ulikuwa blanketi na vitabu viwili. Kamba ilikuwa fupi, nikamwongezea ya kwangu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante, ndugu yangu," akasema. "Wewe peke yako ndiye uliyenisikiliza hapa."

Alifanya vibarua kijijini Kasanda mwaka mmoja, akilimia watu mihogo. Kisha akachukuliwa pamoja na wenzake kwenye makazi ya wakimbizi, mbali, upande wa Tabora. Dereva mmoja wa lori alituletea habari kwamba yuko huko anafundisha watu wazima kusoma, na wanampenda. Nilifurahi kuliko nilivyostahili. Mwaka uliofuata dereva yule yule akasema Nestori alisikia dada yake yu hai ng'ambo, akavuka mpaka kwenda kumtafuta. Hakurudi. Wala huyo dada hakuna aliyemwona.

Nilimweleza Mkuu. Nilikuwa karani wake tayari. Alikuwa ananiimlisha sura ya kumi na moja ya kitabu chake, nami nimeketi kwenye mashine ya kupiga chapa.

"Tulifika wapi?" akauliza.

Nikamsomea sentensi ya mwisho. Akaendelea.

Kitabu hicho kilikuwa maisha yake. Teolojia nzima ya Kipresbiteri kwa Kiswahili, isiyo na neno hata moja la kukopa pale ambapo lugha ilikuwa na lake. Alikuwa anaweza kukaa siku mbili akitafuta neno moja. Nilikipiga chapa mara tatu, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kila alipofika mwisho aliona mwanzo una makosa. Hakikuchapishwa. Wachapaji waliandika kwamba ni kikubwa mno, na kwamba wasomaji wake wangetosha kwenye benchi moja. Alinipa barua ile niiweke kwenye faili, akasema, "Wanaweza kuwa wamekadiria kwa ukarimu."

Watu huniuliza kwa nini nilikaa naye. Kuna jibu nililowapa, kwamba nilitaka kujifunza, na ni kweli. Hakuna aliyenifundisha kama yeye. Na kuna jingine. Kila nilipoingia ofisini niliiona ile Biblia ya Kigiriki, na nilijiambia: nani angekataa? Ungekuwa wewe, ungekataa? Nilijipa jibu lile lile kila asubuhi, na usiku nikalala usingizi mzuri.

Kuanguka kwake kulitokana na swali, na aliyeuliza hakuwa msomi. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa Kasulu mwenye duka, mfadhili mkubwa wa chuo, alifiwa na mtoto wa wiki mbili kabla hajabatizwa. Mkuu alikwenda kuzika. Mbele ya kaburi, udongo bado mkononi, yule mzee akamwuliza, "Mkuu, mtoto wangu yuko wapi?"

Mchungaji yeyote angejua la kusema. Hata mimi.

"Sijui," Mkuu akasema. "Kama alichaguliwa, yuko na aliyemchagua. Kama hakuchaguliwa, hayuko. Sijapewa kujua, nawe hujapewa."

Mama wa mtoto alianguka chini. Wanawake wakapiga yowe la namna ambayo haikuwa ya msiba. Yule mzee alimsogelea Mkuu, nikadhani atampiga, lakini alimtemea mate kwenye kola. Mkuu hakujipangusa. Alimaliza sala ya maziko, neno kwa neno, mate yakimkauka shingoni, tukarudi kwa miguu.

Baada ya miezi miwili Sinodi ilikaa kumjadili. Wachungaji wengi katika kikao kile walikuwa wanafunzi wake, na kila mmoja alikuwa na lake. Mmoja alisimama akaeleza habari ya sala na herufi. Mwingine alieleza habari ya mama yake Mkuu, ambayo mimi ndiye niliyemsimulia. Walizungumza mchana kutwa, na walizungumza kwa Kiswahili kizuri sana, alichowafundisha yeye. Mwishowe mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye la kumtetea. Mkuu hakugeuka kumtazama mtu, ila mimi nilikuwa nimeketi meza moja naye, nikiandika muhtasari. Ningeweza kusimama nikasema habari ya miguu ya wakimbizi. Kila mtu pale alikuwepo siku zile, kila mtu aliiona, wala hakuna aliyeitaja.

"Karani?" mwenyekiti akaniuliza.

"Sina la kuongeza," nikasema.

Mkuu alivuliwa ukuu akarudi kwao Murungu, lakini Mama Mkuu, mkewe, hakwenda naye. Nilimkuta akifunga vyombo vyake peke yake ili aende kwa kaka yake. Nikamwambia, kwa kutaka kumfariji, kwamba yale maneno ya makaburini yalikuwa mabaya, lakini pengine Mkuu hakukusudia.

"Alikusudia," akasema, akiendelea kukunja kanga. "Sisi tulizika mtoto huko Uskochi, wa miezi mitatu. Nilimwuliza swali lile lile. Akanijibu vile vile." Akachukua kanga nyingine. "Nilitaka aniongopee, mara moja tu. Mtu mwenye akili zote zile, ashindwe kuongopa mara moja!"

Nilimwona Mkuu kwa mara ya mwisho mwaka ule vita vya Uganda vilipokwisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikikaimu ukuu wa chuo. Hakukuwa na kitu madukani: sukari, mafuta ya taa, sabuni, vyote vilikuwa vya kusikia tu. Walimu wenzangu walipojua kwamba napita Murungu kwa kazi za kanisa walikuwa na huruma iliyokuja kwa kuchelewa, wakapata mche mmoja wa sabuni, sijui kwa njia gani, wakaufunga kwenye gazeti. "Mpelekee mzee," wakasema. "Mwambie tunamkumbuka."

Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba ya udongo anapukuchua mahindi. Shati lake lilikuwa la kijivu ambalo nilikumbuka lilikuwa jeupe. Macho yalikuwa yamefunga utando; alinitambua kwa sauti.

"Bwana Karani," akasema. "Au ni Bwana Mkuu sasa?"

"Nakaimu tu, Mkuu."

"Watakupa. Wewe ndiye waliyekuwa wanamtafuta."

Niliketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Tukazungumza habari za mvua, za chuo, za waliokufa. Alikuwa mpole, au nilidhani ni upole, na mtu akikuta upole mahali asipoutazamia hulegea. Nikajikuta nasema lililokuwa limenikaa kifuani miaka mitano.

"Mkuu, ile karatasi ya Nestori. Sijawahi kuwa na amani nayo. Lakini najua nawe hukuwa na njia nyingine, na mimi pia sikuwa nayo. Ulipoagiza, nani angekataa?"

Vidole vyake viliendelea kuzitoa punje, moja moja.

"Niliwaita wanne," akasema.

"Wanne gani?"

"Vitanda vinne vilivyomzunguka. Niliwapa kila mmoja karatasi, nikawaambia maneno yale yale." Akawataja watatu kwa majina. Niliwajua vizuri. Wote watatu walikuwa wachungaji wa sharika za porini, watu wa kutembea kwa miguu, ambao hakuna aliyewahi kuwafikiria kwa cheo chochote. Mmoja alikuwa ndiye aliyekosea kumwita Ndugu. "Walirudisha tupu. Yule wa mwisho hata aliniomba radhi, akasema hana la kuandika. Wewe uliniletea yako imejaa pande zote mbili."

Niliokota punje iliyodondoka miguuni pangu.

"Nilikuwa nimejiwekea ahadi," akaendelea. "Zikirudi tupu zote nne, nitamwacha amalize, nami nitaishi na swali lake. Nilitaka zirudi tupu. Niliomba, kwa kweli, ingawa huwa siombi kitu cha namna hiyo." Akapuliza makapi kiganjani. "Unaniuliza nani angekataa. Nakujibu kwa sababu umeuliza."

Hakusema kwa chuki. Laiti angesema kwa chuki. Alisema jinsi alivyosema makaburini, na kama alivyomwambia mkewe, na nadhani lilikuwa jambo la mwisho la heshima aliloweza kumfanyia mtu.

Nikasimama. Nikamwambia gari linaningoja, ingawa halikuwapo. Akanyoosha mkono hewani kuutafuta mkono wangu, akaupata. Kiganja chake kilikuwa kigumu na kichafu cha shamba.

"Huku hakuna hata sabuni," akasema, kama mtu anayeomba radhi kwa uchafu. "Tunatumia majivu."

Mfuko ulikuwa begani kwangu, gazeti likinigusa ubavu. Nikasema, "Poleni sana, Mkuu. Hata sisi chuoni ni hivyo hivyo," nikaushika mlango wa ua, nikatoka.

Niliporudi Kasulu walimu walinizunguka wakaniuliza kama mzee aliipokea zawadi.

"Aliipokea," nikasema. "Alifurahi sana. Amewaombea mmoja mmoja."